Barua ya Mkopo Isomwe Kabla ya Kushangiliwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika karatasi hii ya chama chetu ili niseme na watumishi wenzangu wa Kibiti na Rufiji juu ya jambo moja ambalo kila mwaka, ufikapo majira ya kufunguliwa vyuo vikuu, hutuingiza katika furaha kubwa na baadaye hututoa katika majuto. Jambo hilo ni barua ya mkopo wa chuo. Au, kwa desturi ya siku hizi, taarifa ya mgao ambayo mwanafunzi huisoma katika simu yake. Maoni yangu ni haya: taarifa ile haisomwi. Hutazamwa tu. Hutazamwa tarakimu moja ya chini kabisa, ile ya jumla, halafu vigelegele hupigwa. Na sisi tuliofundishwa kusoma kwa kodi za wazee wetu ndio tulio mbele katika kupiga vigelegele hivyo.

Sisemi kwa kuwacheka wengine. Nasema kwa kuwa nimo katika kosa hili.

Mwaka mmoja, wala si zamani sana, mtoto wa marehemu kaka yangu alimaliza kidato cha sita akafaulu vizuri. Kwao ni katika kijiji kimoja cha deltani, mahali ambapo mtu hawezi kutoka nyumbani kwake pasipo kungoja maji yajae, apande chombo hata Nyamisati, ndipo atafute pikipiki ya kumfikisha Bungu kwenye barabara kuu. Alipata nafasi ya chuo, akaomba mkopo, na jioni moja akanipigia simu. Akasema, "Baba mdogo, nimepata." Nikamwuliza, "Umepata kiasi gani?" Akajibu, "Milioni tatu na nusu." Nikamwuliza tena, "Na ada ya chuo ni kiasi gani?" Akasema, "Milioni moja na nusu." Basi mimi, niliyekaa na mafaili ya Serikali zaidi ya miaka thelathini, nikasema, "Alhamdulillahi, umepata mara mbili na zaidi. Mwambie mama yako asiwe na wasiwasi tena."

Mama yake alikuwa ameweka akiba ya fedha za mpunga na korosho, kiasi cha shilingi 700,000, kwa ajili ya mtoto huyo. Aliposikia neno langu kuwa hapana wasiwasi, alizitoa akanunua mabati, maana nyumba yake ilikuwa ikivuja masika yote. Sikumlaumu wakati ule, na hata leo simlaumu. Aliamini neno la shemeji yake, mtu wa ofisini.

Kijana alipofika chuoni aliambiwa kuwa ada yake bado ina pengo la shilingi 600,000, na kwamba yako malipo mengine madogo madogo ambayo kwa jumla yalikuwa 150,000. Asipolipa walau sehemu, hasajiliwi. Asiposajiliwa, hawezi kutia sahihi ya fedha za chakula. Asipotia sahihi, hapati kitu. Alilala kwa wenzake, akala mlo mmoja kwa siku, akaona haya kutuambia. Alipotuambia, mabati yalikwisha pigiliwa juu ya nyumba. Mwezi haujaisha akarudi Nyamisati na sanduku lake.

Sasa, nani mwenye kosa? Chuo kilidai haki yake kama kilivyoandika tangu mwanzo. Waliotoa mgao waliandika kila kifungu mahali pake. Kosa lilikuwa letu, na zaidi lilikuwa langu, kwa kuwa mimi nilikuwa mdhamini wake, na karatasi za udhamini nilizitia sahihi Bungu stendi, juu ya kiti cha pikipiki, pasipo kusoma hata mstari mmoja.

Kwa hiyo nataka tuisome pamoja taarifa ile, polepole, kama mtu anayemfundisha mwingine njia ya chombo kati ya mikoko. Maji yakijaa yote huonekana bahari moja. Lakini nahodha ajua wapi pana kina na wapi pana tope.

Kwanza tujue fedha hizi zatoka wapi. Hapo zamani wachache waliofika chuo walisomeshwa na Serikali. Toka mwaka wa 1994 Serikali ilianza kuwatoza wanafunzi kwa njia ya mkopo. Mwaka wa 2004 Bunge lilipitisha Sheria Namba 9 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi Julai 2005. Bodi hii ndiyo inayotoa mikopo mipya, na ndiyo inayodai ile ya zamani, hata ya watu waliokopa tangu 1994, ambao wengine wao leo wamekaribia kustaafu. Basi neno la kwanza la kushika ni kwamba fedha hizi ni mkopo. Si zawadi, si sadaka, wala si mshahara. Ziko fedha za zawadi kwa wachache: ufadhili uitwao Samia Scholarship, ulioanza mwaka wa masomo wa 2022/23, hupewa waliofaulu sana masomo ya sayansi katika kidato cha sita, nao hawalipi. Lakini watoto wetu wengi hawamo humo. Mtoto akikwambia, "Nimepata fedha za Serikali," mwulize kabla ya kumpongeza: ni za kupewa au za kukopeshwa?

Neno la pili ni kwamba jumla iliyoandikwa chini si fedha itakayofika mkononi. Mgao una vifungu. Kiko kifungu cha ada ya masomo. Kiko cha chakula na malazi. Kiko cha vitabu na viandikwa. Na kwa baadhi ya masomo viko vifungu vya mahitaji maalumu ya kitivo, vya mafunzo kwa vitendo, na vya utafiti. Kila kimoja kina njia yake. Fedha za ada huenda chuoni moja kwa moja, mwanafunzi hazioni kwa macho. Fedha za chakula na malazi ndizo zinazomfikia mwenyewe, nazo hazimfikii kwa mara moja; huja kwa mafungu, fungu moja kwa siku kama 60. Wanafunzi huliita fungu hilo bumu. Kiwango cha chakula na malazi kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hata shilingi 10,000 kwa siku. Na vitabu na viandikwa ni shilingi 200,000 kwa mwaka.

Tuchukue hesabu ya kijana wangu, maana ndiyo niijuayo kwa uchungu. Aliandikiwa ada 900,000. Chakula na malazi, kwa siku 240 za kuwapo chuoni, ni 2,400,000. Vitabu ni 200,000. Ukijumlisha ni 3,500,000. Sasa iweke kando ile ada ya chuo, 1,500,000. Watu wetu hutoa moja katika nyingine wakasema, "Imebaki milioni mbili, mtoto atatuma na nyumbani." Hesabu hiyo si sahihi, kwa kuwa fedha za chakula hazilipi ada. Ada ni 1,500,000, iliyolipwa na Bodi ni 900,000, pengo ni 600,000. Tia na yale malipo mengine ya 150,000, pengo ni 750,000 kwa mwaka. Hizo ni fedha za nyumbani. Hazimo katika mkopo, na hapana mtu mwingine atakayezileta. Mama yule alikuwa na 700,000. Laiti tungalisoma, angalipungukiwa shilingi 50,000 tu, na mimi mwenyewe ningalizitoa mfukoni bila kuona taabu.

Tazameni, wenzangu, jinsi jambo lilivyo dogo. Mwaka mzima wa kijana ulipotea, wala haukupotea kwa umaskini. Ulipotea kwa kutoa hesabu mahali pasipotakiwa kutoa.

Neno la tatu ni juu ya asilimia. Utasikia kijana akijisifu, "Nimepata asilimia 80," na mwenzake akilia, "Nimepata asilimia 40." Yapasa tuulize: asilimia ya kitu gani? Ya ada, au ya gharama zote? Mwenye asilimia kubwa katika chuo cha ada ya juu sana aweza kuwa na pengo kubwa kupita mwenye asilimia ndogo katika chuo cha ada nafuu. Kwa hiyo acheni asilimia, andikeni shilingi. Shilingi hazidanganyi. Na jambo hili litazamwe tangu siku ya kuchagua chuo, si siku ya kufunga sanduku.

Neno la nne ni juu ya wakati. Bumu la kwanza halimngoji mwanafunzi langoni. Ni lazima kwanza afike, asajiliwe, atie sahihi; na kati ya kufika na kupata ziko siku ambazo mtu hula na kulala. Kwa hiyo anayetoka Salale au Mbuchi au Maparoni hawezi kuondoka na nauli peke yake. Achukue chakula cha majuma ya kwanza, na sehemu ya pengo la ada. Vyuo vingi hukubali ada ilipwe kwa mafungu. Lakini anayetaka kulipa kwa mafungu sharti aulize mapema, tena apewe jibu kwa maandishi.

Neno la tano ni juu ya mgao uliopungua. Bodi haimjui mtoto wetu kwa sura. Haijui kwamba baba yake alizikwa siku ile ile aliyokufa, wala kwamba mama yake hulima mpunga kwa jembe la mkono. Hujua yaliyomo katika karatasi: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, cheti cha kifo cha mzazi kama ni yatima, namba ya kaya iliyomo katika mpango wa TASAF kama wamo, ushahidi wa ulemavu kama upo, na barua ya aliyemlipia ada ikiwa alisoma shule ya kulipia kwa msaada wa mtu. Kijana wangu ni yatima wa baba, na kijiji kizima chajua. Lakini cheti cha kifo hatukuwa nacho, kwa sababu sisi watu wa deltani tukimaliza matanga twaona kazi imekwisha, wala hapana anayekumbuka kwenda kuandikisha kifo. Kwa hiyo katika karatasi kaka yangu alikuwa mzima. Mzima tena mwenye uwezo wa kuchangia!

Yuko aliye na dawa ya jambo hilo, nayo huitwa rufaa. Mgao ukitoka, hufunguliwa nafasi ya mwombaji kusema, "Hali yangu ni hii, na ushahidi wangu ni huu." Lakini nafasi hiyo ni ya siku chache tu. Mtu aliye ng'ambo ya mto, simu yake haina umeme, na bahari imechafuka, nafasi humpita naye hajui kama ilikuwapo. Na rufaa haitaki machozi, yataka karatasi mpya. Kuandika, "Sisi ni maskini sana," pasipo cheti wala barua, ni kupoteza wino.

Tena mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozamisha mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti, yalitufundisha kwamba hata karatasi zaweza kuchukuliwa na maji. Basi vyeti vya mtoto vipigwe picha, na nakala moja iwekwe kwa jamaa aliye mahali pa juu.

Neno la sita, ambalo ndilo zito, ni deni. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Nami nadhani matanga huwa makubwa zaidi kwa mtu ambaye hakujua kama alikuwa harusini. Sheria yataka mkopaji aanze kulipa baada ya miezi 24 tangu kumaliza masomo. Akiajiriwa, mwajiri humkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Hapo kwanza makato yalikuwa asilimia 8. Sheria ilibadilishwa mwaka wa 2016 yakawa 15. Asiyeajiriwa, aliye na duka lake au chombo chake cha kuvulia kamba, naye hakusamehewa. Yampasa ajipeleke mwenyewe. Na aliyeacha chuo katikati, zile fedha zilizokwisha lipwa kwa ajili yake ni deni lake vile vile.

Tufanye hesabu. Mgao wa 3,500,000 kwa mwaka, kwa masomo ya miaka mitatu, ni 10,500,000. Tuseme amepata kazi ya mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Asilimia 15 ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Pasipo kuhesabu gharama nyingine yoyote, deni litamaliza miezi 88, yaani miaka saba na miezi minne. Kwa miaka saba na zaidi kijana huyo ataleta nyumbani mshahara uliopunguzwa; na jamaa zake wasiojua watasema, "Amesoma lakini ana mkono mgumu." Kumbe si mkono mgumu, ni makato. Laiti mama yake angaliambiwa mapema, asingalimdhania vibaya.

Hapa sina budi kugusa neno ambalo wazee wetu wengi wa deltani hulisema, nalo ni riba. Wako wazazi wema waliokataa watoto wao wasikope kwa sababu hiyo, nami siwezi kuwacheka, kwa kuwa walikuwa na jambo la kusema. Zamani deni hili liliongezwa asilimia 6 kila mwaka, kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Katika deni la 10,500,000 asilimia 6 ni 630,000 kwa mwaka. Anayelipa 120,000 kwa mwezi hulipa 1,440,000 kwa mwaka. Basi karibu nusu ya jasho lake la mwaka wa kwanza ingaliliwa na nyongeza hiyo. Watumishi walilalamika miaka mingi, na katika mwaka wa 2021 Serikali iliiondoa. Kadhalika adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa iliondolewa mwaka huo. Kama mkopo ulivyo sasa ni halali au si halali kwa dini ya mtu, hiyo si kazi ya karani kuamua; aende kwa shehe wake. Lakini aende na karatasi mkononi, shehe naye asome sharti za leo, asihukumu kwa sharti zilizokwisha ondolewa.

Najua watakuwapo watakaonijibu. Mmoja atasema, "Bwana, elimu yafaa itolewe bure; kwa nini utufundishe kuzoea mzigo?" Nami najibu: kama waona hivyo, mwambie mbunge wako, na chama chetu kiandike. Mimi sipingi. Lakini sheria ya kesho haimlipii ada mtoto wa leo. Na aliye na haki ya kudai sheria mpya ni yule anayeijua iliyopo. Ile asilimia 6 haikuondolewa na watu wasiosoma karatasi zao za mshahara. Iliondolewa kwa kuwa wakopaji walikaa wakapiga hesabu, wakaona kuwa wanalipa na deni halipungui, wakasema.

Mwingine atasema, "Hawa ni wanafunzi wa chuo kikuu, wamesoma kutushinda sisi, wajisomee." Huyu naona hajapata kukaa na kijana wa miaka kumi na tisa siku ya majibu. Kijana anaona tarakimu ambayo hajapata kuiona katika maisha yake yote, naye ni wa kwanza katika ukoo kufika huko. Amejifunza kemia na historia, lakini hapana aliyemfundisha tofauti ya ada iliyolipwa na ada inayodaiwa. Tena mwenye kuamua nyumbani si yeye. Anayeamua kuuza mpunga au kuuweka ni mama, au babu, au mjomba. Hao ndio wanaotakiwa kuielewa barua, nao mara nyingi hawakuandikiwa wao, maana maagizo ya vyuo vingi hutoka kwa Kiingereza.

Basi nitoe shauri langu, na wenzangu walipime.

Kwanza, kila mtumishi anayeombwa kuwa mdhamini, au kutia sahihi na mhuri katika fomu ya mkopo, asome kwanza, kisha amsomee mzazi kwa Kiswahili. Mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, mwalimu mkuu, karani, sote tumo. Mdhamini ni mtu aliyejifunga kwa maandishi juu ya deni la mwingine. Asiyejua alichojifunga ni kama mtu aliyeshika kamba ya chombo gizani, hajui ng'ambo ya pili imefungwa nini.

Pili, matawi yetu ya Kibiti, Bungu na Utete yaweke siku mbili za baraza kila mwaka: siku moja wakati wa kuomba, na siku moja wakati wa majibu. Siku ya kwanza ni ya vyeti: nani hana cheti cha kuzaliwa, nani hana cheti cha kifo cha mzazi, nani hajahakikiwa. Ada ya kuomba mkopo ni shilingi 30,000, na ni hasara kubwa kuilipa kisha kukosa kwa cheti kimoja. Siku ya pili ni ya kusoma mgao, kwa kalamu na karatasi. Na kwa watu wa ng'ambo, afadhali wawili wetu waende Nyamisati siku ya maji mazuri kuliko watu arobaini kuja Kibiti.

Tatu, katika kila mgao tuandike mistari mitano kwa Kiswahili, wala si zaidi. Mstari wa kwanza: chuo chataka fedha ngapi kwa mwaka, kila kitu. Wa pili: Bodi italipa chuoni ngapi. Wa tatu: nyumbani twatakiwa kutafuta ngapi, na kabla ya siku gani. Wa nne: mtoto atapokea mkononi ngapi, na kwa mafungu mangapi. Wa tano: akimaliza atadaiwa ngapi. Karatasi hiyo abaki nayo mzazi. Nami nathubutu kusema kwamba Bodi na vyuo navyo vingefanya jambo jema kama vingetoa karatasi ya namna hii kwa kila familia, kwa lugha ya nyumbani, pamoja na majibu. Si gharama kubwa, na chama chetu chaweza kuandika barua ya heshima kuomba hivyo.

Nne, tawi liweke fuko dogo la dharura, si la kusomesha watoto, maana hatuna uwezo huo, bali la kuziba pengo la majuma ya kwanza kwa mtoto ambaye hesabu yake imepigwa na kuonekana yapungukiwa kidogo. Kumbukeni ile 50,000.

Bwana Mhariri, kijana wangu hakupotea kabisa. Mwaka uliofuata tulikaa barazani kwa mama yake, chini ya mabati yale, tukaomba upya. Safari hii cheti cha kifo cha kaka yangu kilikuwapo, nilikifuatilia mwenyewe. Majibu yalipotoka, kijana alianza kunitajia jumla, nikamkatiza, nikamwambia, "Mwanangu, anza kifungu cha kwanza." Akasoma kimoja kimoja, mama yake akisikiliza na kuuliza. Ada ilikuwa imeongezeka, pengo likabaki dogo. Mama akasema, "Kumbe ndiyo hivi tu? Mbona mwaka jana hamkuniambia?"

Sikuwa na jibu. Nimeandika karatasi hii kwa sababu sikuwa na jibu, na kwa kuwa najua kuwa wako akina mama wengine katika delta ile ambao mwaka huu watauliza swali lile lile. Yafaa wapate jibu kabla ya kununua mabati.

Wasalaam,
Ndimi mtumishi mwenzenu,
Karani Mstaafu, Kibiti.